Mtoto wa Miaka Miwili Asiyesema: Apimwe Masikio Kwanza, Ndipo Tusubiri

Mtoto akitimiza miaka miwili naye bado hasemi, mama yake hakosi washauri. Bibi atamkumbusha kwamba hata baba wa mtoto alichelewa kusema, na leo hakuna anayemshinda kwa maneno. Jirani atamwambia kuwa watoto wa kiume ndivyo walivyo. Mwingine atamwelekeza kwa mtu anayekata udata chini ya ulimi. Kliniki nako mtoto atapimwa uzito, mstari kwenye kadi utaonekana unapanda vizuri, na mama atarudishwa nyumbani na maneno mawili: atasema tu. Ushauri huu hutolewa kwa nia njema, na mara nyingi hutimia, ndiyo maana ni vigumu kuupinga. Hata hivyo makala haya yanaupinga kwa sababu moja. Kusubiri kunafaa pale tu ambapo mtoto ameshaangaliwa: masikio yake yamepimwa, uelewa wake umechunguzwa, na namna anavyowasiliana bila maneno imejulikana. Anayesubiri kabla ya hayo anabahatisha, na bahati ikienda mrama anayeumia ni mtoto.

Tuanze na ukweli uliomo katika maneno ya bibi. Mwaka 1989 Leslie Rescorla, mwanasaikolojia wa Marekani, alichapisha dodoso la kuwauliza wazazi maneno ambayo watoto wao wanayasema. Tangu hapo watafiti wengi humhesabu mtoto wa miezi 24 kuwa amechelewa iwapo ana maneno pungufu ya 50 au hajaanza kuunganisha maneno mawili. Utafiti mkubwa wa Australia Magharibi, uliochapishwa mwaka 2007 na uliotegemea majibu ya wazazi, ulikuta kwamba watoto wapatao 13 katika kila 100 wa umri huo walikuwa nyuma. Habari njema ni kwamba nusu yao au zaidi huwafikia wenzao kabla au karibu na umri wa kuanza shule, bila tiba yoyote kubwa. Basi bibi hadanganyi. Amewaona watoto wa namna hiyo kwa macho yake. Asichoweza kukiona ni kile kilichowapata waliobaki. Utafiti uliofanyika jimbo la Iowa na kuchapishwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba karibu watoto 7 katika kila 100 wa umri wa chekechea wana tatizo la lugha ambalo halielezwi na uziwi wala upungufu wa akili. Mtoto wa namna hii hatimaye husema, na familia hushusha pumzi. Kisha anaingia darasa la kwanza, hafuati maelekezo marefu, anasoma kwa shida, hawezi kusimulia kilichotokea uwanjani, na anaanza kuitwa mvivu au mkaidi. Hakuna anayekumbuka tena kwamba dalili zilikuwepo akiwa na miaka miwili.

Ugumu wote umejificha hapa: ukimya ni mmoja, lakini vyanzo vyake ni vingi. Yupo mtoto ambaye ni mzima kabisa na anajiandaa tu kusema. Yupo asiyesikia vizuri. Yupo mwenye tatizo la ukuaji wa lugha, mwenye usonji, ambaye ukuaji wake wote uko nyuma, au ambaye misuli ya kinywa haimtii kwa sababu ya mtindio wa ubongo. Ukihesabu maneno peke yake, watoto hawa wote wanafanana, kwa kuwa wote wana maneno machache. Ndiyo maana hesabu ya maneno hutuambia kwamba kuna jambo la kuangalia, lakini haituambii ni jambo gani. Wala muda haututenganishii watoto hawa mapema vya kutosha. Ukisubiri hadi miaka minne, yule aliyekuwa anajiandaa atakuwa amesema, na hapo ndipo utakapojua kwamba mwenzake alikuwa hasikii, baada ya kupoteza miaka ambayo ubongo wake ulikuwa tayari zaidi kuipokea lugha.

Jambo la kwanza linalowatenganisha ni uelewa. Mtoto anayechelewa kusema lakini anaelewa anachoambiwa ana matumaini makubwa zaidi kuliko yule ambaye hasemi wala haelewi. Shida ni kwamba wazazi wengi huamini mtoto wao anaelewa kila kitu, na wana sababu ya kuamini hivyo, kwa kuwa maisha ya nyumbani yamejaa ishara. Mama anaposema "twende tukaoge" huku ameshika taulo na ndoo, mtoto anayekimbilia bafuni huenda ameielewa ndoo, wala hakuyaelewa maneno. Ili kujua kwa hakika, ondoa ishara. Weka kiatu, kikombe na mpira sakafuni. Usikitazame kiatu, usinyooshe kidole, mikono ibaki mapajani, sema kwa sauti ya kawaida, "Lete kiatu." Kisha siku nyingine, "Mpe baba kikombe." Mtoto wa miaka miwili anayekua vizuri huyafuata maagizo kama hayo mara nyingi, ingawa hatakosa siku za ubishi. Anayesimama akikusoma usoni, akisubiri jicho lako limwelekeze, anakuambia jambo muhimu kuhusu lugha yake, hata kama bado hana umri wa kulieleza.

Jambo la pili ni mawasiliano yanayotangulia maneno. Kabla mtoto hajasema, mikono na macho yake huwa vimeshaanza mazungumzo. Akikaribia mwaka mmoja hugeuka akiitwa jina, hupunga mkono wa kwaheri, na hunyoosha mikono abebwe. Kufikia mwaka mmoja na nusu anaona ndege juu ya paa, ananyoosha kidole, anamgeukia mama kuhakikisha kwamba naye ameona, kisha anarudi kumtazama ndege. Haombi kitu chochote, anashirikisha. Tendo hilo dogo lina uzito mkubwa mno. Mtoto wa miezi 18 asiyenyoosha kidole kuonyesha, asiyegeuka akiitwa ingawa anasikia sauti nyingine, asiyeiga mchezo wa kumlisha mdoli, au anayeuvuta mkono wa mtu mzima kuelekea anachotaka bila kumtazama usoni, anastahili kuchunguzwa kwa ajili ya usonji bila kusubiri siku ya kuzaliwa ijayo. Na kuna dalili moja isiyo na kusubiri katika umri wowote: mtoto aliyekuwa na maneno akayapoteza. Kuchelewa kupata maneno kunaweza kuwa tofauti ya kawaida kati ya mtoto na mtoto. Kuyapoteza yaliyokwisha patikana hakuwi kawaida kamwe.

Jambo la tatu, ambalo lilipaswa kuwa la kwanza katika kila kliniki, ni masikio. Wazazi husema mtoto anasikia kwa sababu hugeuka mlango ukibamizwa au lori likipita. Lakini kusikia hakuko kwa namna mbili tu, kuwepo na kutokuwepo. Mtoto anaweza kusikia ngoma, radi na ukali wa sauti ya baba, huku sauti nyembamba kama za s, f na sh zikimpita. Kwake yeye maneno yanafika yakiwa na matundu, na hawezi kujenga lugha kwa vipande. Mwingine masikio yake hujaa majimaji nyuma ya ngoma ya sikio baada ya mafua na maambukizi ya mara kwa mara. Wiki hii anasikia, wiki ijayo hasikii, na nyumbani anaonekana mtundu asiyesikiliza. Hata ule mtindo wa kumpigia makofi nyuma ya kisogo haumalizi shaka, maana mtoto anaweza kugeuka kwa kuhisi upepo au kuona kivuli. Kipimo cha kweli hakihitaji mtoto ajibu chochote. Kifaa chenye ncha laini huwekwa sikioni, hutoa mlio, na kunasa mwangwi hafifu ambao sikio la ndani lenyewe huurudisha. Huchukua dakika chache, na hufanyika hata mtoto akiwa amelala mgongoni mwa mama.

Umuhimu wa kuwahi katika jambo hili umethibitishwa. Mwaka 1998 Christine Yoshinaga-Itano na wenzake wa Colorado, Marekani, walionyesha kwamba watoto wenye usikivu hafifu waliogunduliwa kabla ya miezi 6 na kuhudumiwa walikuwa na lugha bora kuliko waliogunduliwa baadaye. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu asilimia 60 ya upotevu wa usikivu kwa watoto unatokana na mambo yanayoweza kuzuilika. Vyanzo vyenyewe si vigeni kwetu: rubela wakati wa ujauzito, manjano makali kwa mtoto mchanga, homa ya uti wa mgongo, masikio yanayotoa usaha bila kutibiwa, na baadhi ya dawa za sindano kama gentamaisini zisipotumiwa kwa uangalifu. Mtoto aliyepitia lolote kati ya hayo asisubiri afikishe miaka miwili. Kwa kuwa hospitali nyingi za ukanda wetu hazimpimi mtoto masikio anapozaliwa, kuchelewa kusema mara nyingi ndiyo taarifa ya kwanza ambayo familia inapata. Tukiizima taarifa hiyo kwa kusema atasema tu, hatuna nyingine ya kutegemea.

Msomaji makini anaweza kuuliza: je, vipimo hivi vya maneno 50 na miezi 24 si vya watoto wa Kizungu? Swali ni la haki, na linastahili jibu la haki. Kitenzi kimoja cha Kiswahili kama "nimeanguka" kimebeba mtendaji, wakati na tendo, na mtoto wa miaka miwili huanza kwa kuviacha viambishi vya mwanzo. Kamil Ud Deen, aliyechunguza watoto wanaojifunza Kiswahili jijini Nairobi na kuchapisha kitabu chake mwaka 2005, alionyesha jinsi watoto hao wanavyoanza kwa kudondosha viambishi vya mtendaji na vya wakati, kisha wanavijaza kadiri wanavyokua. Hivyo mtoto anayesema "anguka" akimaanisha ameanguka, au "tamaki" kwa samaki, hana kasoro, yuko njiani. Wala hatulazimiki kuazima orodha za watu. Watafiti wa Kilifi, pwani ya Kenya, wakiwemo Katie Alcock na Amina Abubakar, walitengeneza dodoso la maneno na ishara za watoto kwa Kiswahili na Kigiriama, wakachapisha matokeo mwaka 2015. Wazazi, wakiwemo wasiojua kusoma, waliulizwa kwa mdomo, na taarifa zao zikaonekana kuaminika. Funzo lake ni kubwa: mama asiyejua kusoma anaijua lugha ya mtoto wake vya kutosha kumsaidia mtaalamu, mradi aulizwe vizuri na asikilizwe.

Hoja ya watoto wa kiume nayo itazamwe kwa makini. Ni kweli kwamba, kwa wastani, wavulana hutanguliwa kidogo na wasichana katika kusema. Lakini tofauti hiyo ya kawaida ni ndogo, haifiki mwaka mzima. Utafiti ule wa Australia Magharibi ulionyesha pia kwamba mvulana ana uwezekano wa karibu mara tatu zaidi wa kuwa miongoni mwa waliochelewa, na kwamba kuwa na ndugu waliochelewa huongeza uwezekano huo. Tafakari maana yake. Yale mambo mawili ambayo tunayatumia kumtuliza mama, kwamba mtoto ni wa kiume na kwamba baba yake alikuwa hivyo hivyo, ndiyo mambo yanayopaswa kutufanya tumwangalie mtoto mapema zaidi.

Lugha mbili nyumbani hazina hatia. Mtoto wa Mwanza anayesikia Kisukuma kwa bibi na Kiswahili kwa majirani hachanganyikiwi. Mwaka 1993 watafiti wa Miami waliwalinganisha watoto waliokuwa wakikua na Kihispania na Kiingereza na wale wa lugha moja. Maneno ya lugha zote mbili yalipojumlishwa, wenye lugha mbili hawakuwa nyuma. Anayehesabu Kiswahili tu cha mtoto huyo atamwona maskini wa maneno, kumbe utajiri wake umegawanyika. Na mtoto mwenye tatizo la kweli la lugha atalionyesha katika lugha zote mbili. Kumshauri mama aache kusema lugha anayoimudu ili azungumze na mtoto kwa lugha asiyoimudu ni kumpunguzia mtoto maneno badala ya kumwongezea.

Udata nao umebebeshwa lawama isiyo yake. Utando unaoshika ulimi kwa chini unaweza kumsumbua mtoto katika kunyonya, na pengine baadaye katika kutamka sauti chache zinazohitaji ncha ya ulimi. Lakini ulimi uliofungwa huharibu matamshi. Haumzuii mtoto kuelewa, kunyoosha kidole wala kuwa na maneno, hata kama anayatamka vibaya. Mtoto asiye na maneno kabisa hafunguliwi lugha kwa wembe. Kukata kimeo, kile kinyama kinachoning'inia kooni, ndiko kusikohusiana kabisa na kusema, na mikono isiyo na utaalamu imewaachia watoto damu nyingi na maambukizi. Ubaya mwingine wa tiba hizi ni utulivu wa uongo unaofuata: familia huamini kazi imeisha, na miezi mingine sita inapita masikio hayajapimwa.

Upo upinzani wenye nguvu zaidi, unaotoka kwa wanasayansi wenyewe. Januari 2024 jopo la Marekani linalotathmini huduma za kinga lilitamka kwamba ushahidi uliopo hautoshi kupendekeza wala kukataa kuwapima usemi na lugha watoto wote wa miaka 5 au chini ya hapo ambao hawana dalili na ambao wazazi wao hawana wasiwasi. Na mwaka 2022 Marekani hiyo hiyo, katika orodha mpya ya hatua za ukuaji ya taasisi yake ya kudhibiti magonjwa, iliweka maneno 50 kwenye miezi 30. Je, si ushahidi kwamba hata wakubwa hawana hakika? Soma tena. Jopo lile lilizungumzia watoto ambao hakuna aliyewatilia shaka. Mama aliyekuja kliniki akisema mtoto wake hasemi ameshatoka kwenye kundi hilo. Ana dalili, na amekuja nayo mwenyewe. Ama orodha ile mpya, ilichagua umri ambao angalau watoto watatu katika kila wanne huwa wameifikia hatua husika, ili anayeikosa ashughulikiwe pasipo kuambiwa asubiri. Na hata humo kuunganisha maneno mawili kumebaki kwenye miaka miwili. Wataalamu wanabishana kuhusu mahali pa kuweka mstari. Hawabishani kwamba mtoto aliye nyuma ya mstari apimwe masikio.

Utasikia pia kwamba hakuna faida ya kugundua tatizo ambalo huna wa kulitibu. Wataalamu wa tiba ya usemi na lugha ni wachache Afrika Mashariki, na wengi wako kwenye miji mikubwa. Chuo Kikuu cha Makerere kilianzisha shahada ya fani hii mwaka 2008 tu. Hata hivyo sehemu kubwa ya kinachohitajika haikai kwa mtaalamu wa usemi. Masikio yenye usaha hutibiwa na hospitali ya kawaida. Shimesikio, yaani kifaa cha kukuza sauti kinachovaliwa sikioni, hutolewa na kliniki za masikio, na tangu mwaka 2017 hospitali ya Muhimbili nchini Tanzania inapandikiza vifaa vya usikivu kwa watoto ambao shimesikio haiwasaidii. Kwa kiziwi, lugha ya alama ikianzishwa mapema humpa lugha kamili. Na kwa mtoto anayesikia lakini amechelewa, mwalimu wa kwanza ni mzazi. Uchambuzi wa tafiti 18 uliochapishwa mwaka 2011 na Megan Roberts na Ann Kaiser ulionyesha kwamba wazazi wakifundishwa namna ya kuzungumza na watoto, lugha ya watoto husonga mbele. Mafunzo yenyewe hayana gharama kubwa: kaa usawa wa macho yake, taja kile anachokitazama, akisema "maji" wewe ongeza "maji baridi", kisha nyamaza umpe muda wa kujibu. Televisheni na simu hazisubiri jibu la mtoto, na ndiyo maana haziwezi kuchukua nafasi hiyo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, halipendekezi skrini kabisa kwa mtoto wa mwaka mmoja, na linaweka kikomo cha saa moja kwa siku kwa wa miaka miwili.

Wengine wanachelea jina. Wanaogopa mtoto atabandikwa ugonjwa, na mama ataambiwa hakumlea vizuri. Hofu hii ina msingi, kwa sababu lawama hufika haraka kuliko msaada. Lakini mtoto asiyechunguzwa hakwepi jina. Hupewa bubu, mjinga au mtukutu, na majina hayo hayaambatani na huduma yoyote. Uchunguzi mzuri huwaondolea wengi mzigo, kwa kuwa mara nyingi jibu ni kwamba mtoto anasikia, anaelewa, anaonyesha, na mama sasa anaweza kusubiri kwa amani huku akirudi baada ya miezi mitatu. Kusubiri huko kuna tarehe, kuna mtu wa kuripotiwa, na kuna kinachotazamwa. Ndiko kusubiri ninakokutetea.

Na mahali pa kuanzia tunapo. Tanzania na Kenya mtoto hupaswa kurudi kliniki akiwa na miezi 18 kwa dozi ya pili ya chanjo ya surua na rubela. Kijitabu cha afya ya mama na mtoto cha Kenya kina ukurasa wa hatua za ukuaji, na Tanzania imekuwa na programu ya taifa ya malezi na makuzi ya awali tangu 2021. Kinachokosekana ni dakika tano za maswali siku hiyo ya sindano: Anageuka akiitwa? Ananyoosha kidole kukuonyesha kitu? Anafuata agizo bila ishara? Ana maneno yoyote, na je, amewahi kupoteza aliyokuwa nayo? Jibu baya hata kwa moja limpeleke mtoto kwenye kipimo cha masikio, na lirekodiwe kwenye kadi ile ile inayoandikwa uzito. Wizara zetu za afya ziyafanye maswali hayo kuwa sehemu ya ziara hiyo, na vyuo vya wauguzi viyafundishe. Mpaka siku hiyo, mzazi mwenye wasiwasi ana haki ya kuomba rufaa ya kupimwa masikio ya mtoto wake, na kuiomba tena akinyimwa. Bibi aendelee kututia moyo kwamba mtoto atasema, lakini atutie moyo huo tukiwa njiani kutoka kwenye kipimo.